Vidanje ya fose kwetu Himbi, Goma: hii ekipe ilitoa mpaka matope ya chini

Mara ya kwanza nililipa vidanje (kuvuta uchafu wa fose, shimo ya choo) balinidanganya na sikujua. Kamyo ilikuya, ikavuta dakika kama 15, nikachungulia ndani naona maji imeisha, nikasema Mungu asante, nikatoa feza. Kisha miezi 4 vese (choo) inaanza tena kulia gulu gulu na maji inapanda. Na mi niko na karesto mbele ya parsele, bakliya banakula sambaza pale na harufu inabakuta kwa meza, ile haya nilisikia siku hiyo sitaisahau.

Jirani njo alinipa namba ya ekipe ingine, naandika juu yabo leo juu bastahili.

Balifika saa mbili asubui kama balivyosema. Mukubwa yabo hakuanza kuvuta. Alichukua muti murefu, akafunga kitambaa cheupe kwa chini, akauzamisha polepole mpaka ukagusa, akangoya kidogo, akautoa, akaniita: "Mama, kuya uangalie." Sha, kitambaa kilikuwa cheusi tii, urefu wa mukono wangu toka bidole mpaka kiwiko. Akasema hii yote ni matope, bale ba kwanza balikuvutia maji ya katikati tu. Njo nikaelewa: fose iko na mafuta na povu kwa juu, maji katikati, matope chini, na kama matope imejaa maji haipati tena fasi ya kutulia, uchafu yote inakimbilia kwa pwi perdi, shimo yenye maji ya fose inaingilia kwa udongo. Na hapa Goma tuko juu ya mawe ya volkano, mawe yenye mianya, kitu inashuka haujue inatokea wapi, na maji ya kunywa batu bengi tunachota kwa ziwa. Kolera tunaiyua sisi.

Kamyo haikuweza kuingia kwa avenu yetu juu ya mawe, baliunga matiyo tatu. Balivuta, kisha bakapiga maji ya nguvu mule ndani ili matope iregee, bakavuta tena, saa moya na nusu yote. Kwa juu ilikuwa mafuta imegandama nyeupe kama sabuni, yote ya masahani ya resto yangu! Mukubwa akaniambia nijengeshe kabak ka kukamata mafuta mbele ya maji kuingia kwa fose, nilishafanya.

Kitu ilinigusa zaidi: tiyo ilizibwa na kipande cha kitambaa, kijana moya akaanza kushusha muguu ndani. Mukubwa alipiga kelele mpaka majirani bakatoka: "Toka pale!" Ile gazi ya fose inaua mutu kwa dakika chache, hata kama fose inaonekana tupu, na anayeshuka kumuokoa anabaki naye mule. Kitambaa balikitoa na ndoano. Kwetu batu bako banashusha batoto ba wenyewe na ndoo juu ya feza kidogo, inaniuma sana, hii ekipe walau inalinda bakazi yabo.

Sasa yenye sikupenda. Kwa simu tulipatana dola 100, mwisho bakaomba 20 ya tiyo ya tatu. Baseme mbele, mi ningelipa bila kelele. Na niliuliza matope inaenda kumwangwa wapi, jibu ni "mbali, mama". Mbali wapi? Kesho kama bakiimwanga kwa mufereji ni sisi tena. Mara ingine nitauliza mbele ya kufungula mulango wa parsele, na nyinyi pia muulize.

Lakini kazi yenyewe, nitabaita tena. Leo ni mwezi wa 8 toka balivuta, maji inashuka bila kulia. Juma iliyopita nilifunga kitambaa kwa muti mwenyewe nikazamisha: matope bidole bine.