A Hero's Death ya Fontaines D.C.: waliotaka kelele walinuna

Ukitaka kujua mtu aliipendea nini Dogrel, albamu ya kwanza ya Fontaines D.C., bendi ya roki ya Dublin, Ayalandi, mwekee wimbo unaofungua albamu yao ya pili, A Hero's Death, kisha mtazame usoni. Aliyependa kasi atasubiri wimbo "uchanganye". Utafika katikati, naye bado anasubiri. "I Don't Belong" hauchanganyi. Gitaa linajikokota, ngoma hazina haraka, na mwimbaji wao, Grian Chatten, anaimba kwa sauti bapa, sauti ya mtu aliyekwisha kuamua kwamba yeye si wa kundi lolote na wala hambembelezi mtu. Hii ni bendi ileile iliyofungua Dogrel kwa kijana anayetamba kwamba utoto wake ulikuwa mdogo ila yeye atakuja kuwa mkubwa. Siamini kwamba waliupanga mwanzo huo kwa bahati tu. Ni mlango uliorudishwa nusu makusudi: anayetaka aingie, asiyetaka aende zake.

Na wapo walioondoka. Katika watu wangu wa karibu wanaosikiliza roki, albamu hii iliwagawa vibaya. Lawama kubwa ilikuwa moja: jamaa wamezeeka ghafla. Dogrel ilitoka Aprili 2019, A Hero's Death ikafuata tarehe 31 Julai 2020. Ile ya kwanza ilikuwa Dublin tupu, yaani mvua, vichochoro, dereva wa teksi mwenye chuki zake na Waingereza, lafudhi ya Kiayalandi ambayo mwimbaji hakujaribu kuipiga pasi. Ya pili imeandikwa na watu waliokuwa safarini muda wote, jukwaa baada ya jukwaa, na mji wenyewe karibu umetoweka kwenye mashairi. Umebaki juu ya jalada: sanamu ya Cúchulainn, shujaa wa hadithi za kale za Ayalandi, ile iliyopo katika Posta Kuu ya Dublin. Waliirekodi kwanza Los Angeles, hawakuridhika, wakarudi London kwa Dan Carey, prodyuza wa Dogrel. Kwa hiyo anayesema wamelainishwa na Marekani amepotea njia. Walikwenda, wakaonja, wakarudi kwenye chumba kilekile chenye uchafu wa sauti wanaoupenda.

Mimi nimeisikiliza zaidi kwa hedifoni, usiku, na naipendekeza hivyo hivyo. Kwenye spika ya simu haifai kabisa, kwa sababu nusu ya utamu wake uko chini, kwenye besi. Chukua "Televised Mind". Conor Deegan anaanza na besi inayonguruma, mstari mmoja unaozunguka papo hapo, halafu magitaa yanakuja juu yake kama kelele ya nyaya za umeme, na maneno ya kiitikio yanarudiwa hadi huyasikii tena kama maneno. Nina rafiki anayepiga besi kanisani. Nilimpa hedifoni, akafumba macho, akaanza kutafuta noti kwa vidole juu ya paja lake. Wimbo ulipoisha akasema, "Kaka, huyu hafanyi kitu, na ndiyo kazi ngumu hiyo." Maneno ya wimbo hakuyauliza hata kidogo. Nadhani kauli yake hiyo ndiyo maoni bora niliyoyasikia kuhusu albamu nzima.

Maana kurudiarudia ndiko kulikowachosha watu, na ndiko kulikonishika mimi. Wimbo uliobeba jina la albamu umejengwa juu ya sentensi moja, kwamba maisha si matupu siku zote, na sentensi hiyo inarudi na kurudi na kurudi. Nyuma yake kuna waitikiaji wanaoimba kwa uchangamfu wa mtindo wa Beach Boys, bendi ya zamani ya Marekani. Katikati kinashushwa kikapu cha nasaha: mwambie mama yako unampenda, wajali wengine, kaa chini ya taa inayokupendeza. Dada yangu, ambaye roki haimhusu, aliusikia ukipita sebuleni akauliza, "Huyu anahubiri au anakejeli?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Mara ya kwanza sentensi ile inasikika kama faraja. Ikirudiwa sana inageuka kuwa ya mtu anayejaribu kujiaminisha mwenyewe. Ikizidi hapo, sijui kwa nini, inarudi kuwa faraja tena.

Haina maana kwamba kila kitu kimekaa sawa. "Living in America" imejaa ukungu kiasi kwamba sauti ya Chatten inazama, na huo uzito haunifikishi popote. "Sunny" inajaribu kuwa tamu, ikaishia kuwa ndefu. Nyimbo ni 11, dakika kama 46, na kuna mahali baada ya katikati ambapo hata mimi niliyekuja na moyo mweupe huwa naruka mbele. Pia waliokosa kasi wanasahau kwamba ipo: "A Lucid Dream" inakimbia kama imewashwa moto, na "I Was Not Born" ingekaa Dogrel bila mtu kushtuka.

Wakati wa kutoka kwake nao uliiathiri. Ilirekodiwa kabla ya korona, lakini ikafika masikioni mwa watu kumbi zikiwa zimefungwa, kwa hiyo nyimbo za kuimbwa na umati zikasikilizwa vyumbani na mtu mmoja mmoja. Wengine wakaiita albamu ya karantini. Haikuwa hivyo, ila naelewa kwa nini "Oh Such a Spring", wimbo mpole wa mtu anayekumbuka majira ya kuchipua yaliyokwisha pita, uliwaumiza wengi mwaka ule. Huku watu wakinuna, albamu ilishika nafasi ya 2 Uingereza, ikazuiwa na Taylor Swift peke yake, kisha ikateuliwa Grammy kwenye kundi la albamu bora ya roki, tuzo iliyochukuliwa na bendi ya The Strokes.

Kama hujawahi kuisikia bendi hii, usianzie hapa. Anza na Dogrel uielewe kelele yao, ndipo uje huku. Na ukija, usianze na wimbo wa kwanza: weka "Televised Mind", ufuate na wimbo wa jina la albamu, halafu rukia "No" inayofunga. Hapo karibu hakuna kitu ila gitaa na Chatten akimsihi mtu asijifungie ndani, athamini hata siku za kijivu. Ikikugusa hiyo, rudi mwanzo uisikilize yote kwa mpangilio. Isipokugusa, dakika hizo 46 hazitakusaidia, na fedha ya sahani ya santuri ibaki mfukoni.