Kupima jinsia ya kasuku kwa unyoya, nimetuma kutoka Mikindani na majibu nimepata

Nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja niliyopunguza ntaeleza kwanini.

Wadau wa ndege habari zenu. Naandika hii kwasababu nilishapoteza ndege kwa kutojua tu kama ni dume au jike na sitaki mwenzangu yamkute. Wa kwanza alikua kokateli, wale kasuku wadogo asili yao Australia, wana kishungi kichwani na mashavu ya chungwa. Niliuziwa kama dume, muuzaji akaniapia kabisa, "mama hili dume, we ona kishungi kilivyosimama". Nikaamini. Baada ya kama mwaka hivi jioni moja nikamkuta kakaa chini kabisa ya tundu, katutumua manyoya, mkia unapanda na kushuka kila akivuta pumzi, nikadhani baridi ya mvua, nikamfunika khanga nikaenda kulala. Asubuhi kafa. Tulipomwangalia yai lilikua limekwama njiani. Jike jamani! Na jike anataga hata kama hajawahi kuona dume maisha yake yote, kama kuku tu, ila mi kwa kuambiwa dume sikuwaza habari za mayai hata siku moja, chakula chake mtama na uwele basi. Binti yangu alilia siku mbili hataki hata kula, na kile kishungi nilichoonyeshwa kumbe wote wanacho, dume na jike, hakisemi chochote.

Sasa huyu wa pili nilimpata akiwa kinda wa miezi mitatu, naye kokateli ila ni ule weupe unaoenda kwenye manjano na macho yana wekundu, wafugaji wanaita lutino. Hapo ndo kazi ilipo. Kokateli wa kijivu wa kawaida ukivumilia anajieleza mwenyewe, akishapukutisha manyoya yale ya utotoni, miezi sita na kuendelea, dume uso unageuka njano inayowaka na anaanza kupiga miluzi mirefu, jike anabaki uso umefifia na chini ya mkia ana mistari mistari. Kabla ya hapo wote wanafanana na mama yao. Lutino sasa hana kijivu cha kukusaidia, mistari ya mkiani ipo kwa mbali sana mpaka umuweke juani umtazame kwa chini, na hata hapo mtabishana. Jirani yangu alikuja na sindano na uzi, inaning'inizwa juu ya mgongo wa ndege ikizunguka jike ikienda mbele na nyuma dume, tukafanya mara tatu tukapata majibu mawili tofauti. Mwingine akataka kumpapasa mifupa ya nyonga, nikakataa, kwa kinda hiyo mifupa haina la kukwambia na unaweza kumuumiza bure.

Ndo nikaelekezwa kwa wakala mmoja wa Dar, mfugaji, anakusanya manyoya ya ndege za watu na kuyapeleka maabara Afrika Kusini kupima vinasaba. Nikamtumia meseji WhatsApp. Kilichonifanya nimpende ni swali lake la kwanza, hakuanza na hela, aliuliza "baba yake rangi gani na mama yake rangi gani?" Nikashangaa. Akanieleza kwamba hii rangi ya lutino inabebwa kwenye kromosomu ya jinsia, kwahiyo kama baba ni lutino na mama ni wa kijivu asiye lutino, watoto wote watakaotoka lutino ni majike na wa kijivu wote ni madume, hapo huna haja ya kulipa hata shilingi. Nikampigia aliyeniuzia, akasema wazazi wote walikua weupe. Basi hapo haisaidii, watoto wote wanatoka weupe wawe madume wawe majike, ikabidi tupime. Mtu anayeweza kula hela yako halafu anatafuta kwanza njia ya wewe kutolipa, huyo ni wa kumshika.

Na jambo lingine nililojifunza kwake ambalo sikuwahi kusikia, kwetu binadamu baba ndo anaamua mtoto awe wa kike au wa kiume, ndege ni kinyume, mama ndo anaamua. Hizo kromosomu za jinsia kwa ndege zinaitwa Z na W, dume ana Z mbili, jike ana Z moja na W moja, sasa maabara wanatafuta kipande cha vinasaba kilichopo kwenye Z na kwenye W ila urefu wake hautoshani, kwenye picha ya kipimo ukionekana mstari mmoja ni dume, ikionekana miwili ni jike. Bibi yangu Mmakonde nilipomsimulia alifurahi sana akasema basi ndege ni kama sisi, ukoo unafuata upande wa mama.

Haya, huduma yenyewe. Nililipa elfu 45 kwa M-Pesa, na elfu 5 ya kifurushi cha basi juu yangu. Na hapa ndo nyota ilipopungua. Aliniambia tu "tuma manyoya matano au sita kwenye bahasha", basi. Mi nikaokota yaliyodondoka chini ya tundu, masafi mazuri, nikatuma mwezi wa nne 2024. Wiki mbili baadae najibiwa hayafai! Kumbe unyoya uliodondoka wenyewe pale kwenye shina umeshakauka, hauna chembechembe za kutosha, unatakiwa uliong'olewa sasa hivi. Hilo la kuniambia mwanzo jamani, siyo baada. Ila sikudaiwa hela ya kipimo mara ya pili, nauli ya basi tu ndo nilirudia, na aliomba radhi kiungwana.

Mara ya pili akanielekeza vizuri na ntawaandikia kama nilivyofanya maana hili ndo la muhimu kuliko yote. Mtu mmoja amshike ndege kwa taulo laini bila kumbana kifua, maana ndege anapumua kwa kifua kutanuka, ukimbana hapo unamkaba. Mwingine anang'oa manyoya madogo ya kifuani, siyo ya bawa wala ya mkia, na yasiwe yale machanga yenye damu ndani ya shina. Unashika karibu na ngozi, unavuta haraka kufuata unyoya ulipolalia. Ile ncha iliyokua ndani ya ngozi usiiguse kabisa. Unaweka kwenye bahasha ya karatasi, USIWEKE kwenye mfuko wa nailoni, kwa joto hili letu la pwani unyevu unabaki humo ndani yanaota ukungu. Kila ndege bahasha yake, jina unaandika nje kabla hujaanza, na unanawa mikono kabla ya kumshika wa pili. Wangu alipiga kelele mara ya kwanza tu halafu akatulia, baada ya dakika tano yuko begani kwangu ananidonoa hereni. Niliogopa sana kabla lakini nawaambia kweli siyo kitu cha kutisha. Zamani ilikua mpaka ndege alazwe kwa dawa ya usingizi atobolewe ubavu daktari achungulie ndani, we fikiria kwa kiumbe cha gramu tisini.

Bahasha ya pili ikaondoka Mtwara mwanzoni mwa mwezi wa tano, nadhani mnakumbuka kilichotokea, kimbunga Hidaya, barabara ikakatika kule Somanga, mabasi yakalala njiani na bahasha yangu iko humo. Nilikosa raha nikajua ndo basi tena, nianze kumng'oa mtoto wa watu mara nyingine. Wakala akanituliza, unyoya mkavu kwenye karatasi haukimbizani na muda, hauhitaji barafu wala nini. Na kweli ilifika, ikapimwa, mwezi wa sita katikati nikapata picha ya cheti kwenye simu.

JIKE.

Nilikaa kwenye baraza nikaisoma kama mara tano. Binti yangu alishampa jina Sultani, na amegoma kubadilisha, haya.

Kwa wanaouliza inasaidia nini kujua, kwangu imebadilisha malezi yote. Mfupa wa dome, yule wa baharini jamii ya pweza na ngisi, haukosekani tunduni, ndo unampa chokaa ya kutengeneza ganda la yai, na sisi wa pwani huu hatununui, unaokotwa ufukweni hapa hapa, unauloweka maji baridi siku mbili tatu ukibadilisha maji chumvi itoke, unaanika juani, unafunga kwenye waya anaukwangua mwenyewe. Anapata jua la asubuhi barazani, mchicha, yai la kuchemsha kidogo na ganda lake lililosagwa. Ikifika saa moja jioni nafunika tundu alale mapema maana mwanga mrefu unamwambia msimu wa kutaga umefika. Sanduku lolote la kujichimbia nimetoa, na tumeacha kumpapasa mgongoni, kichwani tu, maana navyo vinamtia hamu ya kutaga. Na zile dalili, kujitutumua chini ya tundu na mkia kupanda kushuka, sasa nazijua, nikiziona namuweka sehemu ya joto na nakimbia kwa daktari wa mifugo muda huohuo, siyo kesho.

Kitu kingine kabla sijamaliza, msije mkapeleka unyoya wa kinda wa porini. Huku kwetu kusini kuna kasuku wa kijani wenye kichwa cha kahawia na watoto wanawatoa kwenye mashimo ya miti wanakuja kuuza, kuwafuga bila kibali cha TAWA, ile mamlaka ya wanyamapori, ni kosa, na kuwatoa tunduni kwao ni dhambi kwa maoni yangu. Hao nao dume na jike wanafanana, anayekwambia anawatambua kwa rangi anakuuzia maneno.

Kwahiyo bei sawa, majibu yana cheti, mtu mwenyewe mkweli, subira unayo ya kutosha ndo utume. Angekua anatuma maelezo ya kung'oa unyoya kabla ya kupokea hela ningempa tano zote. Mdogo wangu Lindi ana makinda mawili ya lutino, wiki ijayo napanda basi na bahasha zangu nikamsaidie kuwashika.