Lifti ya kwenda anga za juu: njia ya Wamarekani au ya Wajapani?

Haya na mie niseme yangu, maana barazani huku Wete siku hizi kila mtu mtaalamu wa lifti hii, yaani kamba ndefu kutoka duniani hadi anga za juu, kigari kinaipanda badala ya kurusha roketi. Wamarekani, yaani NASA, shirika lao la anga za juu, walitangaza zawadi tu anayeweza aje, na 2009 timu ya LaserMotive ikapandisha kiroboti kwenye waya ulioning'inizwa na helikopta, karibu kilomita nzima, nguvu yote inatoka kwenye leza ilopigwa kutoka chini, wakaondoka na dola 900,000. Ila zawadi yao nyengine, ya kutengeneza kamba imara, hakuna alotwaa, na kamba ndo lifti yenyewe bwana!

Wajapani wamekwenda kivyao, kampuni ya Obayashi 2012 ikatoa mpango mzima, kamba ya nanotyubu za karboni (vijibomba vidogo mno vya karboni, vyepesi na imara) kilomita 96,000, abiria 30, lengo 2050, bandari yake baharini kwenye ikweta (sie Pemba tuko digrii 5 kusini, tumekosa kidogo tu). Chuo Kikuu cha Shizuoka nacho 2018 kikarusha visatelaiti vya STARS-Me kujaribia kigari kwenye kamba huko huko juu.

Kwa mpango nnawapa Wajapani, lakini pesa zangu ningezitia kwenye shindano la kamba.