Purdue OWL: pa kuanzia kwa mwanafunzi anayechanganya insha, mapitio na ripoti

Wanafunzi ninaowasimamia wengi wanaandika sentensi safi kabisa. Wanapokwama ni kwenye aina ya andiko. Ukiwaagiza mapitio ya maandiko, yaani kuchambua kwa pamoja tafiti zilizotangulia, wanakuletea mihtasari iliyopanga foleni. Ukiwapa insha ya kujenga hoja, unapokea maelezo yasiyo na msimamo. Hao wote huwa nawaelekeza Purdue OWL, tovuti ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, Marekani. Ipo mtandaoni tangu 1994, ni bure, na husomi hata ukurasa mmoja kwa kujisajili.

Insha imezigawa nne: ya maelezo, ya wasifu, ya masimulizi na ya kujenga hoja. Wasifu na masimulizi hayasumbui sana. Inayofaa kusomwa kwa makini ni tofauti kati ya maelezo na hoja, maana zote mbili zinadai ushahidi. Ya hoja inakutaka uchimbe zaidi, usome hata wanaokupinga, halafu uchague upande na kuutetea.

Ukurasa ninaouthamini kuliko yote ni ule wa orodha ya marejeleo yenye maelezo. Unakwambia kwamba chini ya kila chanzo ufupishe, utathmini, kisha utafakari kinavyokufaa wewe. Hatua hiyo ya tatu wengi wanairuka, na ndiyo yenye utamu. Mwanafunzi akiandika, "Utafiti huu uliwahoji wa mwaka wa kwanza tu, mimi nawataka wanaomaliza," pengo la utafiti wake limeshaonekana. Kutoka hapo mapitio yanaandikika: anapanga kwa mada badala ya mwandishi mmoja mmoja, na aya moja inawakutanisha watafiti watatu wanaovutana kuhusu jambo lile lile. Nikiona aya ya namna hiyo kwenye rasimu, nafurahi kweli.

Kuna pia sampuli za kazi zilizoandikwa kwa mtindo wa APA (kanuni za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani za kupanga andiko na marejeleo), toleo la 7 lililotoka 2019, zenye maelezo yanayokuonyesha kila kitu kinakaa wapi. Sampuli ya mwanafunzi imetengwa na ya mtaalamu. Fungua ya mwanafunzi, vinginevyo utajibebesha kichwa kifupi cha juu ya kila ukurasa ambacho toleo hilo halikudai, labda mwalimu wako akitake.

Kwa ripoti ya maabara, mpangilio wa utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala unajulikana, ila fuata kwanza maelekezo ya idara yako.

Naipa nyota nne kati ya tano. Menyu yake ni ndefu, kwa hiyo tumia kisanduku cha kutafutia. Na maelezo karibu yote ni ya Kiingereza, jambo linaloniuma, kwa sababu anayeandika tasnifu kwa Kiswahili anayahitaji vilevile.