Rula ya muda kwenye REAPER: nimesumbuka nayo ila sasa tunaelewana

Natumia REAPER, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, mwaka wa pili huu. Nilitokea programu ya FL Studio ambako kazi yangu ilikuwa kutengeneza biti za masela kuchana, na huko unaishi kwa baa tu (sio ile ya bia, ni fungu la mapigo ya muziki, mara nyingi manne), unajua kiitikio kinaingia baa ya 17 basi maisha yanaenda. Rula, yaani ule mstari wa namba juu ya traki, nlikuwa siuangalii kabisa mpaka nilipopewa kazi ya kurekodi kwaya.

Sasa kwaya haina kliki bwana, ule mlio wa kuhesabia mapigo. Mwalimu anapunga mikono, akinogewa anavuta, waimbaji wakichoka wimbo unashuka spidi wenyewe. Na REAPER ukifungua projekti mpya inakuwekea BPM 120 (mapigo 120 kwa dakika), kila baa ya biti nne, yaani mapigo manne, ni sekunde 2 kamili, hata kama ulichorekodi hakihusiani na hiyo 120 hata chembe. Dakika na sekunde zipo pale pale chini ya namba za baa ila mi mazoea yangu ni baa, nikaandika kwenye daftari "soprano wamekosea baa ya 98", nikampigia mwalimu, mwalimu akafungua nota zake akaniambia kijana wangu wimbo wote una baa 60, hiyo ya 98 umeitoa wapi? Tulibishana sana siku ile, kumbe rula inahesabu baa zake yenyewe.

Nikaona dawa ni kushusha BPM niweke 92. Wee! Sauti zote zikavutika, kwaya ikawa inaimba kama imetoka kulala, maana bila kugusa setingi vipande ulivyorekodi vinafuata biti na sio muda. Siku hizi nikirekodi laivu kitu cha kwanza naingia setingi za projekti nabadilisha vipande vishikwe na muda, ndo nagusa tempo.

Kubadilisha rula ni kitu cha sekunde mbili, unabonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya zile namba inakuja orodha, dakika na sekunde, baa na biti, sekunde tupu, sampo (vile vipande vidogo sana vya sauti), na masaa mpaka fremu (picha moja moja za video). Hii ya fremu ndo ilinipa aibu nyingine. Jamaa wa video aliniandikia sauti ianze 00:03:14:12, mi nikasoma dakika 3 sekunde 14 nukta 12 nikaweka hapo, video inarudi midomo na sauti vinakimbizana. Ile 12 ya mwisho ni fremu! Video yake ilikuwa fremu 25 kwa sekunde kwahiyo fremu 12 ni sekunde 0.48, mi nimeweka 0.12, nimewahi kwa sekunde 0.36. Ukiitamka inaonekana ndogo ila mwangalie solo anayeimba kabla hajafungua mdomo. Af hakikisha namba ya fremu kwenye projekti ni sawa na ya video, ukiacha 30 wakati video ni 25 hiyo 12 inakuwa sehemu nyingine.

Sampo sijawahi kuzihitaji kwenye rula, kwa 48,000 kila sekunde namba zinajaa mpaka macho yanauma.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba ile saa kubwa karibu na kitufe cha pley inaweza kuonyesha kipimo tofauti na rula, nayo ni kitufe cha kulia tu. Mi nimeweka rula dakika, saa inasoma fremu, jamaa wa video akipiga simu namjibu hapo hapo. Ambacho bado kinanikera ni gridi, ile mistari ya wima inayovuta vipande vinase kwake: ukibadilisha rula gridi haifuati, inabaki kwenye biti, kwahiyo unakata kipande kinaruka kwenda kwenye mstari wa biti ambao kwa kwaya hauna maana yoyote. Alt+S inazima ule mvuto, nimeibonyeza mpaka herufi ya S inafutika.

Kama kazi yako ni mahubiri na mahojiano tu, Audacity ya bure inakutosha, nayo tangu toleo la 3.4 rula yake inaweza kuonyesha baa. Mi kwa mchanganyiko wangu wa biti, kwaya na video nimelipia REAPER dola 60, baada ya zile siku 60 za kujaribu. Mwalimu nae siku hizi namtumia dakika na sekunde, anasikilizia kwenye simu yake, habari ya baa tumeachana nayo.