Wikendi ya kayaki na mahema Mida Creek: tazama mwezi kabla ya kulipa

Safari ya wikendi ya klabu moja ya kayaki huko Mida Creek, karibu na Watamu kwenye pwani ya Kenya, ni nzuri na bei yake haiumizi. Kasoro yake kubwa ni ratiba: kila wikendi imeandikwa "kuondoka Jumamosi saa tatu asubuhi", kana kwamba bahari ina saa za ofisi.

Pwani hii, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, bahari hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri. Kwa hiyo saa nne asubuhi maji yamekupwa kabisa, na Mida ikikupwa, sehemu kubwa hubaki tope tupu. Ukienda wikendi ya mwezi mpevu au mwandamo, utaburuta kayaki badala ya kuipanda. Maji mafu, yaani maji madogo ya nusu ya mwezi, ni kinyume chake: hujaa karibu saa nne asubuhi, mkondo ni mpole, na ratiba yao inakaa sawa. Basi tafuta wikendi inayoangukia siku moja au mbili baada ya nusu ya mwezi. Kumbuka pia kwamba maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, hivyo Jumapili msiondoke kwa saa za Jumamosi. Kama bamvua haikwepeki, waombe muanze saa nane mchana, maji yawabebe kwenda ndani.

Kayaki zao ni za plastiki nene, za kukalia juu, watu wawili wawili. Zimezeeka lakini ni nzima. Kagua kizibo kilicho upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo: kifungue, futa mchanga kwenye kiraba chake, kisha kikaze. Chembe chache tu za mchanga zinatosha kupitisha maji ndani, na maji yakianza kucheza humo, chombo kinayumba hata bahari ikiwa shwari. Vuta jaketi lako mabegani. Likipanda hadi kidevuni, omba dogo zaidi.

Upakiaji ndipo wanapozembea. Dumu la lita 20 hutupwa nyuma, omo, yaani sehemu ya mbele, inanyanyuka, na upepo wa mchana unaisukuma kando. Mnamaliza nguvu kwa kunyoosha chombo tu. Gawa maji kwenye madumu ya lita 5, mazito yakae katikati, karibu na viti. Lita 4 kwa mtu kwa siku ndicho kiasi cha chini, mapishi yakiwemo.

Waongozaji wenyewe hawana mchezo. Hawakubali kuwapeleka wageni kwenye mlango wa hori la Mida maji yanapotoka, maana mkondo ukikutana na upepo wa kusi mawimbi husimama wima. Kati ya mikoko usijivute kwa kushika mizizi, imejaa chaza wenye kingo kali. Ukishuka, vaa raba za kamba: kandambili hubaki topeni, na vipumulio vya mchu, aina ya mkoko, huchomoza topeni na vinachoma wayo.

Kambi iko mchangani. Vigingi vya hema vya kawaida havishiki hapo. Jaza mfuko mchanga, ufunge kamba, uufukie sentimita 30 hivi. Usipime mahali pa hema kwa mstari wa mwani ulioachwa na maji ya jana. Bamvua inapokuja, maji ya kila usiku hupanda kuliko ya usiku uliotangulia, kwa hiyo panda hadi penye majani makavu. Usubi hupenya neti ya kawaida jioni, njoo na mikono mirefu na dawa ya kujipaka. Chakula ni wali wa nazi na samaki, cha kushiba. Wanapikia gesi, jambo la kusifiwa mahali ambapo mikoko hukatwa kirahisi.

Ada ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, haimo kwenye bei, na Mida imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu. Ilipe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kutoka nyumbani, simu ikiwa bado na chaji.