Nilikodi retro usiku sita: filamu za kutisha zilizotutoa jasho Lubumbashi

Halloween, ile sikukuu ya Wamarekani ya kutishana ya tarehe 31 Oktoba, hapa Lubumbashi haina mwenyewe. Makaburi yetu tunayafagia tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, na mwanzo wa Novemba Wakatoliki wanakwenda misa ya Watakatifu Wote, basi. Lakini mwisho wa Oktoba joto linakosesha watu usingizi, mvua inatuahidi kila jioni bila kuja, na nyumba yetu ya Katuba, mtaa wetu hapa mjini, ilikuwa imejaa wageni wa ukoo. Nikakodi retro, ile mashine ya kurushia picha ukutani, dola 10 kwa usiku, nikatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa uani. Mama mdogo akakaanga vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, kwa chumvi. Tukaanza.

Kwanza retro yenyewe, maana hela ni yangu. Mwenye nayo aliniapia kwamba taa yake ni mpya. Usiku wa pili kila mtu kwenye filamu alikuwa na uso wa kijani, hata aliyekuwa bado hajafa, na waya ilibidi ushikwe kwa mkono ndipo picha itulie. Tulipokezana kuushika kama zamu ya ulinzi. Ukienda kukodi, iwashe mbele ya mwenyewe, ikae nusu saa nzima, ndipo utoe hela.

Filamu iliyotushika mapema kuliko zote ni Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017. Niliwahi kuiona peke yangu kwenye simu yenye spika mbovu, jambo kubwa likanipita: wimbo wa mwanzoni ni wa Kiswahili. Unaitwa "Sikiliza kwa Wahenga", umetungwa na Michael Abels. Miti inapita dirishani mwa gari, sauti zinanong'ona, na kumbe zinamwonya kijana ajiokoe. Binamu yangu mdogo, ambaye huniita Yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, akaruka kwenye kiti: "Yaya, banamuambia akimbie!" Ndiyo, wanamwambia, ila yeye Kiswahili hajui. Anakwenda zake kwa wazazi wa mchumba wake mzungu, anakaribishwa vizuri mno, na sisi wa Katuba tunajua tangu dakika za mwanzo kitu ambacho yeye hajui. Sijawahi kukaa mbele ya filamu ya Marekani nikajiona nimetangulizwa namna hiyo.

Halafu kile kikombe cha chai. Mama mkwe anakoroga, kijiko kinakwaruza ukingo polepole, na kijana anazama kitini kama mtu anayeshushwa kisimani. Hakuna damu, hakuna jini. Tangu usiku ule, mtu akikoroga chai kwetu kwa muda mrefu kidogo, ananyang'anywa kijiko. Tano juu ya tano.

Ile yenye jina la sikukuu yenyewe, Halloween ya John Carpenter (1978), niliitegemea sana, ikaniangusha mbele ya watu. Historia yake naipenda: ilitengenezwa kwa dola laki tatu na kitu, muziki Carpenter aliutunga mwenyewe, na ile sura nyeupe ya muuaji ni barakoa ya dukani ya Kapteni Kirk wa Star Trek iliyopakwa rangi. Muziki ule bado unakata maini. Lakini pale msichana anapokimbia usiku, anagonga mlango wa jirani akilia, jirani anawasha taa, anachungulia, anaizima tena... uani kwetu wakaangua kicheko. "Jirani gani huyu?" Katuba ukipiga kelele moja tu usiku, mtaa mzima umetoka na sufuria na panga, na yule wa kisu ndiye wa kuonewa huruma. Itazame ukiwa peke yako, na mlango umefungwa.

Kwa wasio na megabaiti za kuchezea: Night of the Living Dead ya George Romero (1968). Walipobadilisha jina la filamu walisahau kuweka tangazo la hakimiliki, kwa hiyo kule Marekani ni mali ya umma tangu ilipotoka, na kuipakua si wizi. Haina rangi, kwa hiyo hata retro yangu haikuweza kuiharibu. Shujaa wake, Duane Jones, ni mtu mweusi anayewaamuru wazungu ndani ya nyumba iliyozingirwa na wafu waliofufuka, na huo ni mwaka 1968. Mwisho wake siusemi. Ni hapo ambapo kambo, yaani mzazi wa mzazi wetu, alifungua dirisha: "Batoto, mufunge ile kitu! Bafu haiko bintu bya kuchezea." Yaani wafu si wa kuchezea. Tukapunguza sauti.

A Quiet Place (2018) usijaribu kuitazama jirani akiwasha grupu, jenereta yake. Familia inaishi kimya kwa sababu sauti ndogo tu inaleta kifo, na nyuma ya ukuta wetu mashine inanguruma toka saa moja. Nitairudia siku jirani akikosa mafuta.

His House (2020) ya Remi Weekes ni nzuri sana, na sitaionyesha tena mbele ya watu bila kuwauliza. Mume na mke kutoka Sudan Kusini wanapewa nyumba Uingereza, na ndani ya kuta mna kitu kilichowafuata. Shemeji yangu alihamia kwetu akitokea Goma mwaka jana. Filamu ilipofika kwenye mashua ya wakimbizi alitoka nje, hakurudi. Sikumfuata kumuuliza.

Ya mwisho haihesabiwi kuwa ya kutisha: Augure (2023) ya Baloji, mzaliwa wa hapahapa Lubumbashi. Huko Cannes, kwenye tamasha la filamu la Ufaransa, ilipewa tuzo ya sauti mpya. Sikio letu likilisikia jina Baloji linasikia "wachawi", na filamu inahusu hilohilo. Koffi anarudi kutoka Ubelgiji na mkewe mwenye mimba. Anapewa mtoto mchanga wa dada yake ambebe, damu inamtoka puani, inamdondokea mtoto. Mtoto ananyakuliwa. Ndugu wote wanamgeukia.

Sahani ya vinkubala ilikoma kuzunguka. Waliokuwa wamecheka kisu cha Marekani hawakucheka, maana kila mmoja pale anamjua mtoto aliyewahi kuitwa muloshi, yaani mchawi, na nyumba aliyofukuzwa. Aliyekuwa na zamu ya waya aliuachia, picha ikayumba, na hakuna aliyemgombeza.

Nilipogeuka, kambo alikuwa nyuma yetu na kigoda chake. Sijui alitoka saa ngapi. Alikaa mpaka majina yakaisha kupanda, akauliza kama yule mama wa Koffi ni mtu wa huku. Jumamosi anataka airudie, ila retro nitafute ya mtu mwingine, na yule wa kisu asiletwe.